Karatasi Tisa za Bonga

Barua ilinifikia nyumbani Singe, karibu na mji wa Babati, siku ya Jumatatu, mikononi mwa mwalimu aliyekuwa akirudi kutoka Arusha. Naye alipewa na mtu aliyeipokea Moshi, na huyo wa Moshi sikumjua hata baadaye. Miaka ile barua zilisafiri kama wagonjwa, kwa kuomba lifti. Hii ilikuwa imetembea wiki tatu.

Aliyeiandika alikuwa rafiki yangu wa bwenini, kule chuoni Morogoro, ambako nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa kilimo. Aliandika kwamba idara yetu imetangaza fungu dogo la fedha za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kitu ambacho hatukuwahi kukisikia, na kwamba mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa fulani. Nikaenda kwenye kalenda ya ukutani. Zilibaki siku kumi na moja.

Walitaka andiko la kurasa tatu kwa Kiingereza, lililopigwa taipu, nakala tatu. Walitaka pia sampuli ya zao utakalochunguza, konzi mbili hivi, kutoka kwa mkulima aliyekubali kushiriki, na alama ya dole gumba lake kama hajui kusaini. Anayesoma leo ataona hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Lakini mwaka ule Babati nzima sabuni ilikuwa habari. Aliyepata kipande alikificha chini ya godoro. Sukari tuliisikia tu. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, tukiusema vibaya huku tukiomba usiishe. Karatasi nyeupe isiyo na mistari nilikuwa sijaiona tangu nitoke chuoni, na hata huko tulikuwa tunaandika mpaka kwenye pambizo.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana watu hudhani nilitaka fedha. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alifanya mradi. Asiyekuwa na fungu lake alipangiwa kazi kwenye shamba la mhadhiri, apime urefu wa mahindi kila Jumatano na kuandika kwenye jedwali la mtu mwingine. Mimi nilitaka maharage ya mama. Mama yangu, kama wanawake wote wa kwetu, alipanda maharage mchanganyiko: mekundu, meusi, ya madoadoa, yote shimo moja. Nilipokuwa na miaka kumi na tano, bwana shamba alisimama katikati ya shamba letu akayaita maharage hayo uchafu, mama akiwa hapo hapo ameshika jembe. Mama alimpa maziwa ya mgando akanywa akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kusoma kilimo. Ajabu ni kwamba nilipofika chuoni nikaanza kukubaliana na bwana shamba. Andiko nililokuwa nalo kichwani Jumatatu ile lilikuwa la kuonyesha namna ya kuwabadilishia wanawake mchanganyiko wao kwa mbegu moja safi.

Mkulima niliyemchagua alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Aliishi Bonga, kwenye barabara ya Dodoma, mjane wa mwalimu wa shule ya msingi, na maharage yake yalisifiwa kuliko ya mama. Ulimi wake nao ulijulikana mpaka Nakwa. Watu husema ulimi wangu nimeurithi kwake. Mimi huwa nakataa, tena kwa ukali.

Jumanne nilitembea hadi Bonga. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia nimekonda, akauliza kama huko chuoni tunafundishwa pia kula. Aliponipa uji nikamweleza shida yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hajawahi kusikia serikali ikitafuta maharage yake, bora imechelewa kuliko kutokuja. Akaingia ndani, akafungua debe, akapuliza majivu ya kuzuia wadudu, akaniletea maharage kwa viganja viwili na kuyamimina kwenye pembe ya khanga yangu. Nikafunga fundo. Nikapiga goti kama masista walivyotufundisha shule ya bweni.

"Asante, mama mkubwa. Asante sana, nashukuru."

Alinyoosha mkono akalifungua fundo langu, akayarudisha maharage yote kwenye ungo, na moja lililoanguka akaliinamia akaliokota.

"Umeishukuru mbegu," alisema. "Basi imekufa. Utakwenda nayo wapi?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nilipoona hachezi nikaanza kubisha. Nilimwambia watu wote wanajua kwamba kushukuru ni kuomba tena. Akasema hiyo ni ya kanisani, pale tulipo ni shambani. Nilimwambia nina siku kumi tu. Akasema mbegu haijui kalenda; nije jua lingine, na lisiwe la kesho. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akasema asiyefunzwa na mamaye, na methali yenyewe akaiacha hapo hapo.

Niliondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo linaniaibisha mpaka leo. Msichana wa mwaka wa pili, aliyefaulu mitihani ya kemia, amenyang'anywa maharage kwa sababu ya adabu! Njiani nililipiga teke jiwe, kandambili ikakatika ukanda, na kandambili mpya hazikuwepo katika duka lolote la mji. Hasira, hasara. Nilifika Singe mguu mmoja peku, machozi yamekaukia usoni.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Nilipomwambia ile methali aliacha kucheka. Akakaa kwenye kigoda, akaendelea kumenya viazi, akasema kosa ni lake. Kwetu mbegu haishukuriwi, mtu hufundishwa hivyo siku za kupanda, na kila msimu wa kupanda mimi nilikuwa shule. Alikuwa amejitahidi nisome, hakukumbuka kwamba kuna vitu navikosa. Nikamuuliza sababu ya mwiko huo. Akasema aliukuta, hakuuliza. Dada yake ndiye hupenda kuuliza.

Alhamisi nilirudi Bonga nikiwa mpole. Mama mkubwa hakuitaja Jumanne. Alinipa ungo wa maharage ya kupika nichambue mawe, na yeye akakaa upande wa pili. Halafu akaanza kuokota haragwe moja moja na kuniwekea kiganjani. Haya mekundu, alisema, yalitoka kwa wifi yake wa Magugu, mwaka aliokwenda kumlea uzazi. Haya meusi aliletewa na mama mmoja kutoka Mbulu aliyekuja kwenye msiba wa marehemu mwalimu, akiwa hana kingine cha kuleta. Haya ya madoadoa aliyapata kwa mama yangu. Na mama yangu alikuwa ameyapata kwake, miaka ya nyuma, wakati mimi niko mgongoni.

Nikamuuliza inakuwaje umpe mtu mbegu kisha uipate kwake tena. Ndipo akanisimulia mwaka ambao mvua ilikatika mapema, wakala mpaka mbegu. Debe lilipobaki tupu alikwenda nyumba tatu, na katika kila nyumba alikuta maharage yake mwenyewe, yale aliyowahi kuwagawia. Alisema hakwenda kuomba. Alikwenda kuchukua.

"Mtu akishukuru amemaliza," alisema. "Amefunga mlango, kila mmoja kwake. Kwenye mbegu sitaki tumalizane. Nataka siku nikikosa nije kwako, nikute yangu."

Nilibaki nimeshika ungo. Miaka miwili nilikuwa nimesoma hifadhi ya mbegu: mapipa, dawa, unyevu, joto. Hakuna mhadhiri aliyeniambia kwamba ghala la mtu linaweza kuwa nyumba za watu wengine. Na huo mchanganyiko ambao mimi na bwana shamba tuliuona uchafu ulikuwa orodha ya watu wake wote. Niliona aibu, halafu nikafurahi sana, na furaha ile sijaipata mara nyingi katika kazi hii. Nilijua hapo hapo kwamba andiko langu la kwanza limekufa na kwamba jipya nimelipata.

Aliniletea tena viganja viwili. Nilipokea kwa khanga, nikabana midomo. Akatingisha kichwa kuridhika, akasema neno pekee ambalo mtoaji husema na mpokeaji hulirudisha.

"Tutaonana shambani."

"Tutaonana shambani," nikaitika.

Alisema niwaambie na hao maprofesa wangu wasije wakashukuru.

Kisha akaniuliza nitaandika kwenye nini, na nikakiri kwamba sina karatasi wala sijui pa kuipata. Akaingia chumbani, nikasikia sanduku la bati likifunguka. Alirudi na karatasi nyeupe zilizoanza kuwa za kahawia pembeni, amezilaza juu ya mikono miwili. Zilikuwa za marehemu mumewe. Nilizihesabu mara mbili: tisa. Kurasa tatu, nakala tatu. Alisema mwalimu alifariki hajaziandika, na yeye hakuona sababu ya kuzifungia sukari, enzi ilipokuwepo, kama walivyofanya wajane wengine wa walimu. Alikuwa akingoja atokee mtu mwenye la kuandika.

Nilizipokea, nikazilaza magotini.

"Mbona hushukuru?" akauliza.

Nikamwambia naogopa.

"Karatasi haioti. Shukuru."

Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa goti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, mpaka akaniambia ninyamaze namchosha. Ndipo akapaka masizi ya sufuria kwenye dole gumba na kuligandamiza nyuma ya karatasi moja, juu kidogo, akanionya nisije nikaipindua vibaya.

Ijumaa niliandika jikoni, nyuma ya kurasa za daftari langu la zamani la jiografia. Sikuandika tena habari ya kuwabadilishia wanawake mbegu. Niliandika kwamba nataka kufuatilia mbegu ya maharage inavyotembea nyumba kwa nyumba katika Singe, Bonga na Nakwa, nione ni njia zipi huivusha mwaka wa njaa. Kiingereza kilinisumbua, mama akaniletea chai isiyo na sukari mara tatu na hakuuliza kitu.

Jumamosi nikaenda kwa karani wa parokia, mzee aliyekuwa na taipureta pekee iliyofanya kazi karibu yetu. Ile ya ofisi ya kata utepe wake ulikuwa umekauka siku nyingi. Wake nao ulikuwa karibu kukauka, akaudondoshea mafuta ya taa kidogo, akaufuta kwa kitambaa, akaniambia tuombe Mungu. Karatasi za kaboni alikuwa nazo mbili. Aliziinua dirishani, matundu yake yakang'aa kama nyota. Nilimweleza kwamba karatasi ni tisa na hakuna ya kumi. Akanawa mikono kwa majivu, akakaa, akaanza kupiga kwa vidole viwili, herufi moja moja, maneno ambayo mengi hakuyajua maana.

Ukurasa wa kwanza ulitoka salama. Kwenye ukurasa wa pili, karibu na mwisho, kidole kikateleza. Herufi ikaingia isiyotakiwa, kwenye karatasi zote tatu. Tulitazamana. Mzee alitoa karatasi taratibu, akafungua droo, akatoa wembe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Akaikwangua ile herufi kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto mchanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaisugua karatasi kwa ukucha mpaka ikalainika, akarudisha yote kwenye mashine na kupiga herufi iliyo sawa. Nakala ya tatu ilikuwa hafifu, lakini ilisomeka.

Jumapili nilimwona kanisani akipitisha kikapu cha sadaka, ndevu zimemtoka kama mabua shambani baada ya mavuno. Katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuingia kanisani hajanyoa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule wembe ulikuwa wa pekee, na kwamba kukwangua karatasi kuliumaliza makali. Nilimfuata nje kumwomba radhi. Alijishika kidevu, akasema padri mwenyewe ana ndevu na bado anasoma misa.

Zikabaki siku tano. Posta walisema wazi kwamba hawajui gari litakuja lini. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda Bonga kungoja lori lolote linaloelekea Dodoma, nikiwa na bahasha na kifuko cha maharage alichokishona mama. Malori mawili yalipita bila kusimama. La tatu mama mkubwa alilisimamisha mwenyewe: alitoka shambani akasimama katikati ya barabara na jembe begani. Dereva aliteremka amekasirika, akataka kujua kama bibi amechoka kuishi. Mama mkubwa akamwambia hii ni shule ya mtoto, ifike Morogoro kabla ya Ijumaa, na akamwekea mahindi ya kuchoma kwenye kiti.

Dereva alinitazama, akatazama kandambili yangu iliyofungwa kwa waya. Alisema yeye mwisho wake ni Dodoma, lakini atampa mwenzake wa Morogoro. Akafungua pochi ya leseni yake na kuisokomeza bahasha humo, ikatokeza nusu, na kifuko akakitia mfuko wa shati. Hakutaka chochote zaidi ya mahindi. Sikumuuliza jina. Najua tu kwamba lori lilikuwa la bluu na taa moja haikuwepo.

Wiki sita sikusikia kitu. Nilikwenda posta mpaka karani wa pale akawa ananitingishia kichwa nikiwa bado upande wa pili wa barabara. Nilianza kumtukana dereva kimoyomoyo, halafu mwenzake, halafu nikajitukana mwenyewe niliyeweka maisha yangu kwenye pochi ya mtu. Mama hakuuliza. Alinisogezea jembe tukalima.

Jibu lilikuja siku nane kabla ya chuo kufunguliwa. Nilikuwa nimepata. Mwenyekiti wa idara aliongeza kwa kalamu, chini, kwamba bahasha ilifika Alhamisi, kwamba mlinzi wa getini alitaka kuipokea na dereva wa lori akakataa kumwachia, akakaa saa nzima mpaka alipoletewa mtu wa idara aisaini. Kwamba dereva huyo alitoa kifuko kwenye mfuko wa shati na kusema maharage yote yaleyale yamo, hajala hata moja. Kwa mfuko huo nilijua ni yule yule wa lori la bluu; sijui kama alipata mzigo wa Morogoro au alikwenda tu. Sikumwona tena. Kwa miaka mingi kila lori la bluu lililopita Babati nilitazama taa zake.

Nilipompelekea mama mkubwa habari alitaka nimsomee barua yote kwa Kiswahili. Ilianza kwa kunishukuru kwa maombi na kwa sampuli. Hapo niliruka, nikaanzia mstari wa pili.

Fungu lenyewe lilinipa baiskeli ya idara, madaftari, na msimu mzima wa kukaa majikoni kwa watu nikiuliza haragwe hili lilitoka kwa nani. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nimekaa kwenye meza nyingi za kugawa mafungu ya utafiti tangu hapo, na kila nikisoma andiko la kijana huwa najiuliza nani amekwangua herufi zake.

Mama mkubwa alifariki nikiwa nimeshajenga Nakwa. Ukoo ulinichagua mimi nitoe neno la shukrani, kwa kuwa ndiye msomi. Nilisimama mbele ya jeneza na kikaratasi mkononi. Niliwashukuru majirani, kwaya, waliochimba kaburi, waliotoka mbali. Nikafika kwake yeye, na mdomo ukagoma. Watu wakadhani ni kilio. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kitu ninachoruhusiwa kusema.

Nikamshukuru kwa karatasi tisa.

Wageni wa mjini walitazamana. Lakini wanawake wa Bonga, waliokaa nyuma karibu na masufuria, walianza kucheka ndani ya khanga zao, mama yangu akiwa wa kwanza, na machozi yakiwatoka. Juu ya maharage sikusema kitu, nikakaa chini.

Siku za matanga waombolezaji walikuwa wengi, na wapishi walipika kila kilichokuwepo. Mkwe wake alipokuja kufungua lile debe la mbegu alikuta majivu matupu. Mvua ya kwanza iliponyesha, mimi na mama tulikwenda Bonga na maharage kutoka kwangu, mekundu, meusi na ya madoadoa, tukapanda shamba lake kabla ya kugusa la kwetu. Mama alichimba mashimo, mimi nikaweka mbegu, tatu tatu, na kufukia kwa mguu. Tulipofika mwisho wa mstari wa kwanza, tukageuka, tukaanza wa pili.